Sura ya Nne: Komba Hula Nini Kiangazi?

Swali ambalo mgeni wa Tabora haachi kuuliza, hasa akiwa amelala usiku wake wa kwanza katika nyumba iliyo pembezoni mwa mji, pale mashamba ya mahindi yanapokwisha na pori la miombo likaanza, ni hili: ni kitu gani kile kinacholia nje mithili ya mtoto mchanga aliyeachwa na mamaye? Mwenyeji aghalabu humjibu kwa neno moja tu, "komba," kisha hujigeuza upande wa pili akalala, kwani kwake sauti ile ni ya kawaida kama kuwika kwa jogoo. Lakini jibu la neno moja huzaa maswali mengine, na miongoni mwake limo moja nililolisikia kwa wakulima, kwa walimu na kwa watoto wa shule, nalo ndilo litakalotuongoza katika sura hii: ikiwa komba ni mnyama alaye wadudu, na ikiwa nchi hii ya Unyamwezi hukaa karibu miezi sita, tangu Mei hadi Oktoba, bila ya mvua ya maana, majani yakapukutika na wadudu wakaadimika, basi kiumbe yule mdogo, asiyeweka akiba wala asiyehama, hupata wapi riziki yake?

Swali hili lina uzito zaidi hapa kuliko pengine, kwa sababu Tabora ni mji uliojengwa juu ya safari. Hapa ndipo njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipotua mizigo na kupumzika. Hapa ndipo njia nyingine zilipochepuka kwenda Karagwe na Buganda kwa upande wa kaskazini. Na wapagazi wa Kinyamwezi, waliosifika kote kwa kubeba pembe na vitambaa, walipenda kutoka kwao mavuno yakiisha na kurejea mvua za kwanza zikikaribia, wapate kulima. Kiangazi, kwa hiyo, kilikuwa ni wakati wa kuondoka. Mtu aliondoka, majani yaliondoka, maji ya vijito yaliondoka, komba alibaki.

Komba ni mnyama wa namna gani

Wako wanaomdhania kuwa ni aina ya paka, na wako wanaomweka pamoja na kindi kwa kuwa ana mkia wa manyoya na hukaa mitini. Wote wamekosea. Komba ni wa ukoo ule mkubwa ulio na kima, nyani, sokwe na sisi wanadamu wenyewe, ingawa tawi lake lilijitenga zamani mno na tawi letu. Mtazame mikono uamini: ana vidole vitano na kidole gumba kinachokabili vingine, na hushika tawi kama mtu ashikavyo mpini wa jembe.

Katika nchi ya Tabora wako komba wa namna mbili, na kutowatofautisha ndiko kulikozaa porojo nyingi. Yule anayelia kama mtoto ni komba mkubwa, ambaye uzito wake huweza kupita kilo moja, mwenye mkia mnene kama ufagio na mwendo wa taratibu; huyu hula matunda pamoja na gundi ya miti, naye hupenda miti mikubwa ya kando ya mito, na hata miembe ya watu. Yule wa pili ni komba mdogo, ambaye ukimweka kwenye mizani utaona hafiki gramu 200 kwa kawaida, kiwiliwili chake ni kama sentimita 15 tu, na mkia wake ni mrefu kuliko kiwiliwili. Huyu mdogo hali matunda. Riziki yake ni vitu viwili, wadudu na gundi, basi; na kwa kuwa swali letu ni gumu zaidi kwake, yeye ndiye tutakayemfuata, na kila nitakaposema komba bila ya kuongeza neno, nimkusudiaye ni huyu.

Hata hivyo huyu si mdogo kupita wote. Katika Uwanda wa Rondo, mkoani Lindi, yuko komba mwenye gramu 60 tu au kuzidi kidogo, ambaye wataalamu hawakumtambua rasmi kuwa ni wa aina yake mpaka mwaka 1996, na mojawapo ya dalili zilizowaongoza ilikuwa sauti. Komba wengi wanafanana kwa umbo na rangi hata mjuzi akawachanganya, lakini hawafanani kwa mlio. Na hilo si ajabu, maana kiumbe anayeishi gizani hujulikana na wenziwe kwa sauti na kwa harufu kabla ya kujulikana kwa sura.

Watu wa pwani wamempa komba sifa moja ambayo Mnyamwezi hana haja nayo. Kule husemwa "mlevi kama komba," kwa sababu hupanda minazi usiku akanywa tembo katika kibuyu cha mgema mpaka akashindwa kushuka. Huku bara, palipo pakavu na pasipo na minazi ya kugemwa, komba ameponyoka fedheha hiyo.

Kiungo kwa kiungo

Maumbile yake yanasomeka kama orodha ya vifaa vya fundi mmoja mwenye kazi moja, yaani kutafuta chakula gizani juu ya miti ya miiba:

- Macho makubwa yenye utando nyuma yake unaorudisha nuru kama kioo, ndiyo maana ukimmulika kwa tochi unaona makaa mawili mekundu. Hayazunguki sana katika matundu yake, hivyo komba hugeuza kichwa chote hata akatazama mgongoni.
- Masikio mapana kama majani, yanayojikunja moja moja. Anapopita kwenye miiba huyafunga, na anapowinda huyatandaza, akamsikia nondo kabla ya kumwona.
- Miguu ya nyuma yenye misuli ya ajabu: anaruka kwenda juu wima zaidi ya mita mbili, na chini hatembei kama paka bali hurukaruka kwa miguu miwili.
- Meno sita ya mbele ya taya la chini, yaliyolala na kushikana mithili ya chanuo. Kwa hayo huchana manyoya, na kwa hayo hukwangua gundi.

Kuna tabia moja inayowachekesha watoto. Komba, kabla ya kuanza matembezi yake na mara kwa mara katikati yake, hukojolea viganja vyake, kisha huvipaka kwenye nyayo, akaendelea na safari. Wengine husema afanya hivyo apate kushika tawi kwa nguvu, kama mkata kuni atemavyo mate mikononi kabla ya kushika shoka; wengine wanasema anaacha harufu yake njiani ili wenziwe wajue ni nani amepita na lini. Mimi sioni kwa nini moja liwe kweli na la pili liwe uongo.

Pori si moja

Mtu apitaye kwa gari moshi kutoka Dodoma huliona pori la miombo kuwa ni kitu kimoja kisicho na mwisho, mti kwa mti, saa kwa saa, na hulala akaamka akalikuta bado lile lile dirishani. Wazee wa misafara waliona kama yeye, tena kwa miguu. Sehemu ile kavu iliyo mashariki ya Unyanyembe, yaani nchi hii ya Tabora, waliiita Mgunda Mkali, na jina lenyewe latosha kueleza walivyoichukia. Lakini komba halioni hivyo, na ili tumwelewe hatuna budi kujifunza kuliona kama alionavyo yeye.

Hapa inafaa nieleze neno moja. Wataalamu hutumia neno makazi kwa maana ya mahali penye kila kitu ambacho mnyama anakihitaji ili aishi na kuzaa: chakula, maji, mahali pa kulala na njia ya kuwakwepa adui. Si kila penye miti ni makazi ya komba, kama ambavyo si kila penye nyumba pafaa kwa mtu kuhamia na watoto.

Toka basi mjini Tabora, mahali palipo juu ya bahari kwa takriban mita 1200, uelekee upande wowote utakao. Nchi yote ni mawimbi madogo madogo, mgongo na bonde, mgongo na bonde. Juu ya mgongo udongo ni wa kichanga na mwekundu, na hapo ndipo penye miombo halisi, pamoja na mininga ambayo maseremala huitafuta kwa taa. Ukiteremka kidogo, miti inapungua kimo, vichuguu vya mchwa vinaanza kuinuka, na kila kichuguu kikubwa kimebeba kichaka chake kama kilemba. Ukiteremka tena unafika kwenye mbuga, nalo ni bonde pana la udongo mweusi wa mfinyanzi, linalojaa maji wakati wa mvua na kupasuka mipasuko mikubwa wakati wa jua. Katikati yake ni majani matupu, na kandokando yake imesimama migunga, ile miti ya miiba yenye majani madogo madogo.

Komba anahitaji mteremko huu kwa sehemu zake zote. Juu kwenye miombo mikubwa hupata matundu ya kulala na, mvua zikinyesha, wadudu tele: panzi, mende wa miti, viwavi, nondo na kumbikumbi watokao kwa wingi baada ya mvua za mwanzo. Chini, ukingoni mwa mbuga, hupata migunga, na ndani ya migunga mna siri ya swali letu. Kati ya pande hizo mbili anahitaji kitu kimoja ambacho mtu hakiwazi, yaani matawi yanayokaribiana, kwa sababu mnyama huyu, hodari kama alivyo wa kuruka, hapendi kushuka chini, ambako kanu na nyoka wanamngoja. Pakatwapo ukanda wa miti baina ya mgongo na mbuga, hata kama miombo imebaki juu na migunga imebaki chini, komba amekatiwa njia ya kwenda sokoni.

Kwa ufupi: makazi yake hayapimwi kwa wingi wa miti, bali kwa mchanganyiko wake na kwa kuungana kwake, na eneo lote alizungukalo kwa usiku mmoja si kubwa, ni hekta chache tu, ambazo anazijua tawi kwa tawi.

Jeraha la mti

Nilipata kukaa jioni moja ya mwezi wa Agosti ukingoni mwa mbuga, kusini ya mji, pamoja na mzee mmoja mfuga nyuki aliyekuwa akingoja giza liingie apate kurina asali. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitika "Marahaba, mwanangu," akanionyesha kwa mkono mgunga uliokuwa mbele yetu kama hatua kumi, akasema nisitazame juu kwenye matawi kama wafanyavyo watu wa mjini, nitazame gogo. Nikatazama. Katika gogo lile palikuwa na vitundu, vingine kama tundu la sindano na vingine vyaingia ncha ya kidole, na katika kila kitundu palining'inia tone la gundi, jingine jeupe na laini, jingine limekuwa la rangi ya asali na kuganda.

"Nani katoboa, mzee?"

"Funza," akasema. "Funza katoboa, mti umelia machozi, komba atakuja kuyalamba. Sasa hivi utamwona mwenyewe."

Maneno yale machache yana elimu nyingi ndani yake, na nitayafungua polepole. Mende na nondo wa namna fulani hutaga mayai kwenye gome la mgunga. Mayai yakianguliwa hutoka funza wanaokula wakiingia ndani ya mti, wakachimba mifereji. Mti nao haukai kimya, bali huziba jeraha lake kwa kutoa gundi, kama damu yetu izibavyo jeraha kwa kuganda. Komba hana jino la kutoboa mgunga. Angekaa chini ya mti mzima usio na funza angekufa kwa njaa huku ameuegemea. Kwa hiyo anaishi kwa kazi ya mdudu asiyemjua, na mdudu yule anaishi kwa mti asioupenda, na mti unaishi kwa kujitibu.

Tena gundi haikomi kiangazi. Wadudu warukao hupungua ardhi ikikauka na usiku wa Juni na Julai ukipoa, lakini funza aliye ndani ya mti anaendelea kutafuna, na mti unaendelea kutoa. Basi chakula ambacho wakati wa masika kilikuwa ni kitoweo tu, sasa kinakuwa ndicho ugali wenyewe. Komba huwa na njia yake ya kila usiku, mgunga huu kisha ule, kitundu hiki kisha kile, na hupita kwa mpango kama mgema apitavyo minazi yake, kwa kuwa tone lililolambwa jana linahitaji muda kujaa tena. Pale anapokuta gundi iliyoganda huikwangua kwa lile chanuo la meno. Pale anapokuta iliyo mbichi huilamba.

Hapa msomaji ataweza kuuliza: je, gundi ina nini cha kumshibisha mtu, au tuseme mnyama? Hakika ni sukari, lakini sukari iliyofungamana kwa minyororo mirefu migumu, ambayo tumbo la kawaida haliwezi kuifungua. Wewe na mimi tukiila itapita karibu kama ilivyoingia. Komba ana kifuko kirefu cha utumbo, mahali utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana, nacho kimejaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huivundisha gundi kwa saa nyingi mpaka ikalegea na kuwa chakula. Ndani ya gundi mna pia madini ya chokaa, yajengayo mifupa, ambayo wadudu wanayo kwa uchache mno. Hata maji hayamsumbui sana, kwa kuwa sehemu kubwa ya anayoyahitaji huyapata katika chakula. Mpagazi aliyevuka Mgunda Mkali alibeba kibuyu, unga na matumaini, na mwenye msafara alitoa hongo kwa kila mtemi aliyempitia. Komba akivuka kiangazi habebi kitu.

Yule aliyetajwa na mzee alikuja kweli, jua lilipokuwa limezama na mbingu ya magharibi bado ina wekundu. Sikumwona akifika. Niliona tu kwamba gogo, lililokuwa tupu, sasa lilikuwa na kijivu kidogo kilichong'ang'ania, kichwa chini na mkia juu, na kikawa kinalamba kwa haraka kama paka kwenye kisahani. Akahamia kitundu cha pili. Mara nondo akapita. Komba, miguu ya nyuma ikiwa imeshika gogo, akajinyoosha hewani kiwiliwili kizima, akamdaka kwa mikono miwili, akamleta mdomoni akiwa amefumba macho na kukunja masikio ili mabawa yasimpige. Kisha akarudia gundi yake kana kwamba hapakutokea kitu.

Tundu, kikundi na watoto

Usiku komba hutembea peke yake, au karibu na kuwa peke yake. Mchana mambo hugeuka: hulala wawili, watatu, mara nyingine hata saba, wamejiviringisha pamoja ndani ya tundu la mti, au katika msongamano wa matawi ya mgunga ambako mwewe hawezi kutia ukucha. Kulala pamoja kuna faida ya ujoto, na kuna faida ya macho na masikio mengi. Mmoja wao akigundua nyoka au kanu hupiga kelele za ukali, wenziwe wakaitikia, na adui aliyetegemea kuja kwa siri hujikuta ametangazwa pori zima. Wakati mwingine huona heri aondoke.

Mimba huchukua takriban miezi minne, na aghalabu huzaliwa pacha, kila mtoto akiwa na gramu 10 hivi, uzito wa sarafu mbili tatu. Mama hatengenezi mbeleko. Watoto wakishapata siku kadhaa, huwachukua mmoja mmoja kwa mdomo, akawaweka kwenye kichaka au kwenye panda ya tawi, wakakaa kimya wameshika kwa vidole vyote, naye akaenda kula na kurudi mara kwa mara kuwanyonyesha. Mama wa Kinyamwezi akipalilia karanga naye humlaza mtoto kivulini, pembeni ya shamba. Tofauti ni kwamba pembeni ya shamba la komba yuko bundi.

Basi tundu ni mali. Na mti hautoi tundu mpaka uwe mzee: mpaka tawi kubwa lianguke, maji yaingie, kuvu na mchwa waumbue moyo wa gogo, nayo ni kazi ya miaka mingi. Matundu hayo wanayagombea wengi: nyuki, ndege, mijusi na komba. Mwanadamu naye anaingia shaurini kwa mlango wa nyuma, kwani mlina asali asiye na mizinga huuangusha mti mzima ili apate asali ya mara moja, na moto kichaa wa Septemba, uingiapo ndani ya mti mkongwe wenye tundu, huufanya bomba la moshi, ukaungua kutoka ndani mpaka ukaanguka.

Ndugu wa kazi aliye ng'ambo

Kuna wasomaji walionitaka nieleze kama Afrika tunao wanyama wenye mfuko, yaani wale wanaozaa mtoto kabla hajakomaa kisha wakamlea katika mfuko wa ngozi ulio tumboni, kama kangaruu. Jibu ni kwamba leo hatunao hata mmoja. Wako Australia na visiwa vilivyo jirani nayo, na wako Marekani. Lakini Australia yuko mnyama mdogo wa usiku, mwenye mfuko, apitaye hewani kutoka mti hadi mti kwa ngozi iliyotanda baina ya mkono na mguu, ambaye maisha yake yanafanana na ya komba wetu kiasi cha kustaajabisha: uzito wao unakaribiana, hulala kikundi katika tundu la mti, hujuana kwa harufu, hula wadudu msimu wa wadudu, na wadudu wakipungua hutegemea gundi ya miti ile ile ya ukoo wa migunga, ambayo Australia imejaaliwa nayo kwa wingi.

Hawa wawili hawana undugu wa karibu. Komba ni jamaa wa mtu zaidi kuliko alivyo jamaa wa yule. Kilichowafananisha ni kazi. Palipo na mti unaotoa gundi na usiku usio na kima wala ndege wa kushindana naye, patatokea mtu wa kuilamba. Wanapoachana ni kwenye malezi: mimba ya yule wa Australia ni kama siku 16 tu, kisha mtoto, aliye mdogo kama punje, hukaa mfukoni karibu siku 70. Yeye hutembea na mwanawe. Wa kwetu humwacha tawini.

Miembe, reli na tumbaku

Pori la Tabora halikukaa kama lilivyoumbwa. Waarabu walipojenga makao yao Unyanyembe katika karne ya 19, walipanda miembe, na miembe ikawa alama ya njia yote hadi Ujiji. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipofika hapa mnamo Novemba 1857, na Livingstone alipokaa Kwihara mwaka 1872 akingoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kumpelekea kutoka pwani, mji ulikuwa tayari umezungukwa na mashamba yaliyolisha maelfu ya wapita njia, na ni dhahiri kwamba kwa ajili ya mashamba hayo miombo mingi ilikwishaanguka. Komba mkubwa alifaidika kwa miembe. Komba mdogo, asiyekula tunda, hakupata kwenye mwembe ila mdudu na kivuli.

Reli iliwasili mwaka 1912 na kuimaliza kazi ya mpagazi. Miaka ya baadaye, malale yaliyoletwa na mbung'o yalipozidi katika nchi za magharibi, serikali ya Kiingereza iliwakusanya watu katika vijiji, nyuma yao pori likarudi kumeza mashamba; kilichokuwa msiba kwa watu kikawa nafuu kwa wanyama. Kisha mwaka 1947 ulianza ule mradi mkubwa wa karanga, ambao Urambo ilikuwa mojawapo ya vituo vyake vitatu pamoja na Kongwa na Nachingwea. Matrekta yaling'oa miombo iliyosimama tangu zama za mtemi Mirambo, na kufika mwaka 1951 mradi ulikuwa umevunjika. Karanga hazikustawi, lakini tumbaku ilistawi.

Nami nitasema wazi kwamba katika mambo yote haya, tumbaku ndiyo inayomgusa komba kwa undani zaidi. Tumbaku ya huku hukaushwa kwa moto ndani ya mabani, na mabani hula kuni. Mkulima hakosi haki ya kutafuta ada ya shule ya wanawe, wala simlaumu. Lakini kuni nzuri ni mti mkubwa mkavu, na mti mkubwa mkavu ndio wenye tundu. Kuotesha miche ya miti ya kukua haraka, ambalo ni jambo jema na lahimizwa, kwampa mkulima kuni baada ya miaka michache. Hakumpi komba tundu, kwa sababu mti huo utakatwa kabla ya kuzeeka. Shukrani ni kwamba mnyama huyu hayumo katika wale wanaokaribia kutoweka, na kwa upande wa Mto Ugalla, ambako mwaka 2019 ilitangazwa hifadhi ya taifa, miti ya kuzeeka bado ipo.

Wapangaji wa mzee

Nirudi kwa yule mfuga nyuki. Alikuwa na mizinga ya magogo iliyotundikwa mitini, mingine ina nyuki na mingine bado mitupu, na alfajiri, baada ya kazi yake ya usiku, alinipeleka kwenye mmoja uliokuwa mtupu tangu mwaka uliopita. Alipanda, akaulegeza mfuniko wa mwisho wa gogo kwa ncha ya panga, akaniashiria nipande nami. Ndani, juu ya majani makavu waliyoyaleta wenyewe, palikuwa na furushi la manyoya ya kijivu lisilo na mwanzo wala mwisho. Kisha sikio moja likafunguka, na jicho moja, na nikahesabu mikia minne.

"Hawa hawaniletei asali, wala kodi hawalipi," akanong'ona.

"Kwa nini usiwatoe, mzee?"

"Nyuki wakiutaka mzinga watawatoa wenyewe."

Akaurudisha mfuniko kwa kiganja, akaubana kwa kijiti, akateremka na ndoo yake kuelekea mti wa pili.